Kasoro Hutajwa Kabla ya Mrija

Hivi ni kwa nini nilikunywa kabla ya kusikia injini ikiwaka? Nimejiuliza swali hili nikisahihisha madaftari, nimejiuliza kanisani, nimejiuliza nikiwa nimeinama shambani napalilia maharage, na kila jibu ninalolipata hulegea mara nikilishika. Huenda ilikuwa heshima. Huenda ilikuwa kiu. Huenda ni kwa sababu, katika miaka yangu yote arobaini na kitu, hakuna mwanamume aliyewahi kunisogezea mrija mbele ya wanaume wenzake na kusema, "Mnunuzi aanze."

Kwetu Mugoma, wilayani Ngara, ng'ombe hauzwi kama sabuni. Mwenye ng'ombe huweka chungu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi, mbele ya majirani wawili watatu. Kabla mtu yeyote hajagusa mrija, yeye husimama na kutaja kasoro za mnyama wake: huyu hupiga teke akikamuliwa, huyu aliwahi kutupa mimba, huyu chuchu moja haitoi. Mnunuzi akisikia yote na bado akamtaka, huinama na kunywa. Kisha muuzaji hunywa kutoka chungu kilekile. Kuanzia hapo midomo imefungwa. Hakuna kurudisha mnyama, hakuna kumsema muuzaji njiani wala kilabuni. Marehemu baba yangu aliwahi kuuza fahali kwa kutaja kasoro nyingi kiasi kwamba mnunuzi alimuuliza, "Mzee, unauza au unamsengenya?"

Utaratibu huo una miguu miwili. Mguu mmoja ni wa muuzaji, ambaye husema kwanza. Mguu wa pili ni wa mnunuzi, ambaye hunyamaza baadaye. Nilikua nikidhani kwamba yeyote anayejua mguu mmoja anajua na wa pili.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye doa jeupe kifuani, na ndiye aliyeamua kumuuza. "Uongezee na chako, ununue gari," aliniambia, "hata kama ni kuukuu. Unipeleke kwa dada yangu." Mama mkubwa aliolewa Biharamulo zamani, na ndiye ndugu pekee aliyembakia mama kati ya watoto saba. Walikuwa hawajaonana tangu tumzike baba. Mama alianguka akichuma kahawa, nyonga yake ikaharibika, na tangu hapo hawezi kubanwa katika magari yale yanayopakia watu kama magunia. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, ninaishi Ngara mjini kwenye nyumba ya kupanga, na sina mume wa kulaumiwa kwa yale yaliyofuata.

Mama pia ana kiburi, na sisemi hivyo kwa kumlaumu, kwa maana nimekirithi. Kabla ng'ombe hajatoka zizini alikuwa ameshampigia dada yake simu: "Safari hii nakuja na gari la ng'ombe wangu. Injika chai." Kila Jumapili baada ya hapo mama mkubwa alipiga simu kuuliza jambo moja tu: "Gari liko wapi?"

Lililohitajika, basi, lilikuwa jambo dogo. Lilihitajika gari la milango minne, lililoinuka kidogo kutoka ardhini, la aina ambayo spea zake zinauzwa katika kila duka la Ngara pembeni ya misumari na unga wa sembe. Hilo ndilo nililotumwa, na hilo ndilo ambalo sikununua.

Lazima niungame hapa jambo ambalo sikumwambia mama. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nilisimama siku moja kando ya barabara kwenye mvua, viatu vyangu vya pekee vikiwa mkononi. Gari la spoti, jekundu, la chini, lenye milango miwili tu, lilikuwa linakuja kwa kasi. Lilipokaribia dimbwi lililokuwa mbele yangu likapunguza mwendo hadi likawa linatambaa, likapita bila kunirushia hata tone. Sikumwona dereva. Niliondoka pale nikiamini kwamba magari yale huendeshwa na watu wenye adabu, na kwamba mtu akilipata moja, adabu huja pamoja na ufunguo. Imani hiyo nilikaa nayo kwa zaidi ya miaka ishirini, katikati ya shahada yangu na ya masomo yote niliyofundisha kuhusu kutoamini jambo lisilopimwa.

Nililiona Biharamulo, nilikokwenda kusimamia mitihani. Lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa mbao wa mfanyabiashara mmoja, jekundu, la chini, lenye milango miwili. Rangi ilikuwa imepauka kidogo kwenye paa. Viti vyake vilikuwa vya ngozi. Bei aliyoitaja ilinishangaza kwa udogo wake: ilikuwa sawasawa na bei ya lile gari la milango minne nililotumwa. Nikajiambia kwamba mama atafika kwa dada yake kwa heshima kubwa zaidi. Ni aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyosema: kwa heshima ya mama.

Hapa nataka niseme jambo ambalo laiti mtu angeliniambia mapema. Gari la kifahari likizeeka, bei yake huzeeka pamoja nalo, lakini spea zake hazizeeki. Unalinunua kwa bei ya maskini na kulitunza kwa bei ya tajiri. Aliyelitengeneza alimtengenezea mtu asiyejali taa ikiwaka, kwa sababu mtu huyo ana fundi, na fundi huyo ana ghala. Gari halijui kwamba limehamia kwa mwalimu. Linaendelea kudai kilekile lilichodai likiwa jipya, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Nilirudi Biharamulo Jumamosi iliyofuata nikiwa na fedha zote. Sikwenda na fundi. Walimu wenzangu wa kiume walinishauri nimchukue mmoja wao, nami nikakataa, kwa kuwa nilichoka kuambiwa kwamba mwanamke akinunua chuma lazima mwanamume asimame pembeni. Nilipofika uwanjani nilikuta viti vimepangwa, wanaume wanne wameketi, na katikati yao kuna chungu chenye mirija.

"Karibu, Mwalimu," alisema muuzaji, mtu mnene mwenye sauti laini. "Nimesikia nyinyi watu wa Ngara hamnunui kitu bila chungu. Mimi sitoki huko, lakini mila ya mgeni naiheshimu. Kaa hapa katikati yetu."

Nilikaa. Nilisubiri asimame, naye akasimama. Nilisubiri ataje kasoro.

"Mwalimu, sitakuficha," akasema, akaweka mkono kifuani. "Gari hili lina kasoro moja tu. Linakimbia sana!"

Wote wakacheka. Mmoja akapiga goti lake kwa kofi. "Mwalimu atawaacha traffic wanakula vumbi!"

Nami nikacheka. Hilo linaniuma kuliko fedha: kwamba nilicheka. Kisha akanisogezea mrija na kusema mnunuzi aanze, nikainama, nikanywa. Alipokwisha kunywa yeye, ndipo akatoa ufunguo, injini ikawaka mara moja, ikaunguruma kwa utulivu kama paka aliyeshiba. Niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Nikasema moyoni, jua la Biharamulo ni kali.

Siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Nimefundisha somo la joto kwa vidato vinne. Nimewaambia mamia ya watoto wa watu kwamba chuma hakipati joto bila chanzo. Na bado nilisimama pale, kiganja juu ya chuma cha moto chini ya mawingu, nikamsifu muuzaji kwa gari zuri.

Hadi Lusahunga nilikuwa malkia. Madereva wa malori ya Rwanda walinipungia mikono. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulisimama katikati kabisa, haukusogea hata nywele moja, nami nikausifu kwa uthabiti wake. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mshale ule haukusogea kwa sababu ulikuwa umekufa. Kwenye matuta ya kwanza tumbo la gari lilikwaruza lami kwa sauti iliyonifanya nifumbe macho. Kwenye matuta ya Kasulo, utingo mmoja aliyekuwa ameketi juu ya tairi aliniita:

"Madam! Hilo gari au sinia?"

"Gari," nilimjibu kwa ukali.

"Basi liinue, madam, litakwanguka chini yote!"

Lilipofika Ngara lilikuwa linatoa moshi mweupe puani.

Fundi wa Ngara ni mtu mpole ambaye hapendi kuumiza watu. Alizunguka gari mara mbili, akalala chini yake, akatoka, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mwalimu," akasema, "ulilisikia likiwashwa likiwa baridi?"

"Hapana. Boneti ilikuwa tayari ya moto."

"Ahaa." Akaniita nisogee, akanionyesha kimoja kimoja. Injini ilikuwa imejazwa oili nzito ili isigonge. Ikipata moto hutulia, ikiwa baridi hugonga kama mtwangio. Kibalbu cha taa ya kuonya matatizo ya injini kilikuwa kimetolewa, ili taa isiwake kamwe. Chini ya rangi nyekundu, kwenye vizingiti vya milango, kulikuwa na kutu iliyozibwa kwa lipu na kupakwa rangi juu. Matairi manne yalikuwa ya aina tatu. Rejeta ilikuwa imetobolewa na kuzibwa kwa gundi. Giaboksi, alisema, tusiizungumzie leo.

"Spea zinapatikana wapi?"

"Ngara hakuna. Biharamulo hakuna. Mwanza labda waagize." Akakuna kichwa. "Mwalimu, ungeninunulia hata soda nije nikuangalizie. Ningekuja kwa basi."

Tulitengeneza. Sitahesabu hapa, aliyewahi kuwa na gari kama hilo anajua, na asiyewahi hataamini. Kifaa kimoja chenye ukubwa wa kidole gumba kilisubiriwa majuma saba, na kilipofika kikawa si chenyewe. Mshahara ulikuwa ukiingia na kutoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Kila Jumapili simu ya mama ililia, na mama alikuwa akimjibu dada yake, "Liko gereji, linapambwa."

Siku fundi aliposema sasa linaweza kwenda, nilienda kumchukua mama. Alikuwa amevaa kitenge kipya na ameandaa kikapu cha maharage na kibuyu cha maziwa ya jirani, kwa kuwa hakuwa tena na ng'ombe wake. Alilitazama gari kwa muda.

"Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Halina, mama. Ni la milango miwili."

Tulimshusha kwenye kiti cha mbele, mimi na jirani mmoja, kama tunavyoshusha mtungi uliojaa. Kiti kilikuwa chini kiasi kwamba magoti yake yalikaa usawa wa kidevu. Akanyoosha shingo, akaona dashibodi, hakuona barabara.

"Mwanangu," akasema, "hili gari ni la kukaa au la kulalia?"

Hatukufika Kasulo. Kwenye mlima, gari lilipiga kelele kama ya bati linalokunjwa, likakata nguvu, likasimama. Nilijaribu mara tatu. Moshi ulitoka, safari hii mweusi. Vijana wa bodaboda walikusanyika wakiwa na maoni.

"Hili limekufa kifo cha kizungu!"

"Acheni, madam anajua. Madam, tumuite padri?"

"Kwanza mtoeni bibi."

Kumtoa mama ilikuwa kazi. Nyonga ilikuwa imekufa ganzi, na kutoka kwenye shimo lile alihitaji kuvutwa na watu wawili huku wa tatu akimsukuma mgongoni, naye hakupiga kelele ila aliuma ncha ya kitenge chake. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, lilipopatikana gari la kuturudisha, kikapu cha maharage miguuni, kibuyu cha maziwa mapajani. Jua lilimchoma. Maziwa yaliganda. Simu yake ilipolia aliitazama, akaona ni dada yake, akaiacha ilie mpaka ikakoma. Sijawahi kumwona mama akikataa kupokea simu ya mtu.

Kutoka pale pale barabarani nilimpigia muuzaji.

"Mwalimu! Habari za Ngara?"

"Gari lako limekufa mlimani, na mama yangu mgonjwa ameketi juu ya jiwe."

"Pole sana. Lakini gari langu? Si tulikunywa, Mwalimu?"

"Hukutaja kasoro."

"Nilitaja. Nilisema linakimbia sana. Kulikuwa na watu wanne. Uongo?"

"Ulitoa kibalbu cha taa ya kuonya."

"Mwalimu." Sauti yake ilizidi kuwa laini. "Ukilalamika baada ya mrija, watu wa kwenu watakuonaje?"

Akakata.

Nimeibiwa mara kadhaa maishani. Nimeibiwa kuku, nimeibiwa simu, na mtu aliyeniibia simu nilimsamehe kabla sijafika nyumbani, kwa sababu aliichukua akakimbia, na kukimbia kwake kulikuwa namna ya kukiri. Huyu hakukimbia. Alinikalisha kitini. Alichukua jambo ambalo wazee wetu walilitunga ili jirani asimwumize jirani, akalikata mguu wa muuzaji, akanikabidhi mguu wa mnunuzi nitembee nao peke yangu. Alikuwa ameuliza watu wa Ngara hufanyaje, akajifunza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, kisha akatumia somo lile kunifunga mdomo. Hasira hiyo haijapoa, wala sijaiombea ipoe. Na hasira nyingine, iliyo kali zaidi, ni ile niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe. Kwa maana nilijua. Alipotania badala ya kutaja kasoro, kitu fulani ndani yangu kilisimama, nami nikakikalisha ili nisiwaudhi wanaume wanne waliokuwa wamenipa kiti.

Gari lilivutwa hadi gereji, fundi akalifufua nusunusu. Mwenye gereji alipochoka kupoteza nafasi, nililitambaza gari mpaka Mugoma kwa mama, nikilipumzisha mara tano njiani. Tukaliegesha kando ya migomba. Kuku walianza kutaga chini yake. Nilimwambia mama nitakodi gari la kawaida, twende. Alikataa.

"Nilisema nitakuja na gari la ng'ombe wangu. Niseme nini nikishuka kwenye la watu?"

Hivyo tukabaki hivyo: gari likikaa, mama akikaa, na kule Biharamulo mama mkubwa akizidi kudhoofika.

Ndipo akaja dalali. Alikuwa amempata mteja, kijana aliyeajiriwa karibuni Bugarama, afisa wa serikali anayetaka kuoa, ambaye alikuwa ameliona gari kwenye picha tu na tayari amewaambia wakwe zake. Alikuwa ameuza shamba lake la kahawa.

"Mwalimu, hili tunalimaliza," alisema dalali, akipiga paa kwa upole. "Oili nzito. Tunaliwasha saa nzima kabla hajafika. Kibalbu si kimeshatolewa? Basi. Litatembea mpaka Bugarama vizuri tu, na likishafika huko si lako."

"Na akirudi?"

"Atarudije?" Akanikazia macho kama mtu anayemkumbusha mwenzake njia ya kwao. "Nyinyi si mna chungu?"

Nilisema sawa. Ninaandika neno hilo kwa sababu ni la kweli. Nilihesabu kichwani: ng'ombe wa mama, tena mweusi kama yule, gari la milango minne, mama akishuka mlangoni kwa dada yake kwa miguu yake. Nikamwambia mama atengeneze urwagwa, kuna mnunuzi. Alivundika ndizi, akakamua, akaacha ichachuke, wala hakuuliza lolote.

Alasiri, siku moja kabla ya mauzo, mke wa binamu yangu alipiga simu kutoka Biharamulo. Alisema mama mkubwa sasa hatoki nje hata kuota jua. Akaweka simu sikioni mwa mgonjwa. Mama akasikiliza. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, lakini nilisikia nilipokuwa: "Gari liko wapi?"

Mama hakujibu kwamba linapambwa. Alisema, "Lipo," akarudisha simu mezani.

Alikuwa anachuja pombe. Jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya vilima vya Burundi. Bila kuinua uso aliniuliza, "Kesho, kabla hawajanywa, utasema nini?"

Niliinama kuokota maganda ya ndizi.

"Ng'ombe wangu nilisema anapiga teke la kushoto. Nikasema na nguo zilizoanikwa anakula. Aliyemnunua alicheka, akamchukua. Amekula gauni la mke wake, na hajanipigia simu."

"Mama, nikitaja kasoro za gari hili, hatanunua."

"Hatanunua."

"Na Biharamulo tutakwendaje?"

Aliendelea kuchuja, povu likipanda na kushuka. "Yule kijana ana mama?" akauliza.

"Sijui."

"Anaye," akasema mama, kana kwamba amemwona. "Mama huyo naye atakalishwa juu ya jiwe."

Niliondoka pale nikatembea hadi kwa jirani anayepeleka ndizi Biharamulo kila juma kwa pikapu yake. Nilimuuliza kama kesho kabini itakuwa na nafasi ya watu wawili, mmoja akiwa na nyonga mbovu. Alisema ipo, ila nisikasirike kwa vumbi. Niliporudi nilimwambia mama nilichoamua: asubuhi nitataja kila kitu, na likiuzwa au lisiuzwe, saa nne tutakuwa kabini. Nilijiandaa kwa ubishi. Mama alifunika chungu kwa jani la mgomba, akasema, "Kabini ya pikapu iko juu. Nitaona barabara."

Asubuhi sikuliwasha gari. Dalali alipofika kabla ya mteja na kukuta boneti baridi, alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa duka lake umefungwa na mkewe. Kijana alikuja kwa bodaboda, viatu vimeng'arishwa, akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akamsalimu mama, akakaa. Macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa kwenye gari, na niliyatambua macho hayo.

Majirani wawili waliketi. Mama alileta chungu. Nikasimama.

"Gari hili lina kasoro," nikasema, "na kukimbia sana si mojawapo."

Nikazitaja. Nilianza na injini. Nikaliwasha likiwa baridi, na ule mlio wa mtwangio ukasikika mpaka kwa jirani wa pili, kuku wakaruka kutoka chini yake. Nikataja kibalbu, rejeta, kutu chini ya rangi, matairi ya aina tatu, giaboksi. Nikataja mshale usiosogea. Nikataja spea zisizopatikana hata Mwanza. Mwisho nikasema, "Na mtu mzima akikaa humo hatoki bila watu watatu."

Uso wa kijana ukaiva. "Sasa, Mwalimu, umeniitia nini? Si ungesema kwa simu?"

"Kwenye simu hakuna chungu," nikamjibu.

"Nimewaambia wakwe zangu!"

"Nami nilimwambia mama."

Dalali alisonya, akasimama, akaondoka bila kuaga. Kijana naye alisimama, akatembea hadi kwenye gari, akagusa kioo cha pembeni kwa kidole kimoja. Aliporudi tulidhani anaaga. Akaketi, akauvuta mrija.

"Gari sinunui," akasema. "Lakini nimetoka Bugarama, na pombe haina kosa."

"Kunywa, baba," mama akamwambia. "Hiyo haina kasoro. Nimeichuja mwenyewe."

Honi ya pikapu ililia barabarani. Nilimshika mama mkono mmoja, jirani akamshika mwingine, na kijana yule, mrija ukiwa umemwachia povu mdomoni, akaja akambebea kikapu. Kabini ilikuwa juu kweli. Tulimpandisha kwa kukanyagia kreti ya soda. Akakaa wima. Alilitazama gari jekundu mara moja, kutoka juu, kisha akatoa simu kwenye fundo la kitenge na kupiga.

"Dada," akasema, "nimo kwenye gari la ndizi. Injika chai."

Dereva akaweka gia, tukaondoka.